Kwa vijana wa mbio fupi mlioachwa nje ya timu

Wanangu,

Nasikia baadhi yenu mmeanza kugawa viatu vya miiba. Muda wa kufuzu umewakosa kwa sehemu ya sekunde, na mtaani mnaambiwa ndiyo basi tena. Msikubali haraka hivyo.

Mtazameni Jaclyn Narracott wa Brisbane, Australia. Alikuwa mkimbiaji kama ninyi. Akajaribu bobsledi, mchezo wa timu kushuka njia ya barafu wakiwa wameketi ndani ya chombo cha kuteleza, kisha akahamia skeletoni. Huko mtu hukimbia ameinama, mkono umeshika sleji, yaani kitandiko kidogo cha kuteleza juu ya barafu, anairukia na kulala kifudifudi kichwa mbele, kidevu kikikaribia kugusa barafu, kwa mwendo unaopita kilomita 120 kwa saa. Breki hakuna. Sleji unaielekeza kwa kubana bega hapa na goti pale. Lakini kabla ya yote ni zile hatua za kwanza mnazozijua, na aliyezichelewesha hulipa deni hilo hadi chini.

Australia haina hata njia moja ya barafu ya mchezo huu, kwa hiyo kila msimu ilimbidi aende ng'ambo. Kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018 alimaliza wa 16. Hakufunga mizigo. Januari 2022 akashinda shindano la Kombe la Dunia kule St. Moritz, Uswisi, Mwaustralia wa kwanza kufanya hivyo kwenye skeletoni. Mwezi uliofuata, kwenye Olimpiki ya Beijing, aliongoza baada ya miteremko miwili kati ya minne. Hannah Neise wa Ujerumani akampita, tofauti sekunde 0.62. Medali yake ile ya fedha ndiyo ya kwanza ya Olimpiki ya Australia katika michezo ya sleji, naye alikuwa na miaka 31. Ami yake, Paul Narracott, alikimbia Olimpiki ya Los Angeles 1984, akapanda bobsledi Olimpiki ya Albertville 1992. Nyumbani kwao kuhama mchezo hakukuwa aibu.

Siwatumi wote kwenye barafu. Gharama ni kubwa, na kichwa kikigongwa huko si jambo la kuficha kwa kocha ili usikose safari. Ninachotaka ni mjue mali mliyo nayo. Wiki hii mwambieni kocha awapime mita 30 za kwanza peke yake, muandike namba hizo. Kisha kaeni na mtu anayejua michezo mingine, raga, kuruka chini, hata hiyo sleji, mumuulize miguu hiyo inatakiwa wapi.