Nyotamkia si nukta

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi. Umeniandikia kwamba ulisoma nyotamkia imefikia daraja la 5 la mwangaza, ukatoka uani na darubini yako ya macho mawili, ukazungusha anga lote mpaka vidole vikafa ganzi, na hukuambulia kitu. Macho yako hayana kasoro. Namba ile ndiyo inayopotosha, na wengi hukata tamaa hapohapo, kwa hiyo acha nikueleze kwa kirefu.

Nyota ya daraja la 5 ni mwanga uliobanwa kwenye nukta moja. Nyotamkia ya daraja la 5 ina mwanga uleule kwa jumla, ila umetandazwa. Chukua kichwa cha nyotamkia, ule ukungu unaozunguka kiini chake, chenye upana wa dakika 20 za tao, yaani theluthi mbili ya upana wa mwezi. Ukiugawa mwanga huo juu ya eneo lote, kila sekunde ya tao ya mraba (sekunde ni sehemu ya 60 ya dakika) inabaki na daraja la 20 hivi. Anga la pembezoni mwa mji wenye taa huwa kama 19 kwa kipimo hichohicho, na kwa kuwa namba ikipungua mwanga unazidi, maana yake anga linang'aa mara mbili na nusu kuliko kile unachokitafuta. Penye giza la kweli anga hufika 21.5, na hapo nyotamkia ndiyo inayolizidi anga, karibu mara nne. Kitu ni kilekile, kimoja kinazama na kingine kinaelea. Kwa kweli katikati ya kichwa huwa na mwanga zaidi kuliko kingo, ndiyo maana hata mjini mara nyingine unapata kijidoa. Lakini kijidoa hicho ndicho unachopata, si kile kilichomo kwenye picha.

Mfano mzuri ni 46P/Wirtanen. Tarehe 16 Desemba 2018 ilipita kilomita milioni 11.6 tu kutoka duniani, ikakadiriwa daraja la 4 hivi, na kwa sababu ya ukaribu huo kichwa chake kilikuwa kipana kuliko mwezi mpevu. Chini ya taa wengi hawakuiona, ingawa ilikuwa juu angani, jirani na Kilimia, na kila aliyeelekeza darubini pale alikuwa akiitazama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni giza. Ukubwa wa darubini unafuata baadaye. Zima taa zote za nyumba na usimame kwenye kivuli cha ukuta unaokuziba na taa ya barabarani. Ikishindikana, jifunike kitambaa cheusi kichwani pamoja na lenzi ya jicho, kama wapiga picha wa zamani. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na kuchungulia simu mara moja kunakurudisha mwanzo. Tochi iwe nyekundu, tena hafifu kiasi kwamba unaisoma ramani kwa kujikaza kidogo. Ukitaka kujua kama anga la usiku huo linafaa, tafuta kwanza galaksi ya M33: ina daraja la 5.7 na imetanda zaidi ya nyuzi moja. Ni mtihani mkali. Ukiiona, nyotamkia ya daraja la 5 haitakukwepa.

Mwezi nao uangalie kwenye kalenda kabla hata ya kuangalia mawingu. C/2022 E3 (ZTF) ilitukaribia zaidi tarehe 1 Februari 2023, na mwezi ukawa mpevu tarehe 5. Waliongojea usiku wa kuwa karibu kabisa walipata anga lililopauka. Waliotoka alfajiri za karibu na 21 Januari, mwezi ulipokuwa mwandamo, walipata anga jeusi. Ningechagua giza mbele ya ukaribu kila mara.

Sasa ramani. Nyotamkia iliyo karibu hutembea haraka: ZTF katika siku zile ilisogea takriban nyuzi 6 kwa siku, yaani robo ya digrii kila saa. Ramani ya jana haifai leo. Zaidi ya hapo, majedwali ya mahali ilipo huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, na kwa kawaida kwa saa 0 ya UTC, wakati saa yako ya ukutani inasema kitu kingine. Ukikosea saa tatu tu, umekosea robo tatu ya digrii, na katika darubini kubwa hilo linatosha kuitoa nje ya duara la kuonea. Programu kama Stellarium pia hutegemea vipimo vya obiti vilivyohifadhiwa ndani yake. Pakua vipya kutoka Minor Planet Center, kituo cha kimataifa cha kumbukumbu za sayari ndogo na nyotamkia, kabla ya kila kipindi cha kutazama. Kisha anza na nyota unayoiona kwa macho, na uruke kutoka nyota hadi nyota mpaka kwenye umbo dogo la nyota tatu au nne lililo jirani na nyotamkia. Ukishalipata umbo hilo, acha kutafuta. Tulia, tazama.

Na namna ya kutazama ni ujuzi wenyewe. Katikati ya jicho hapana seli zinazoona mwanga hafifu, kwa hiyo usiikodolee. Tupa macho pembeni kidogo huku mawazo yakibaki pale pale. Pembe ya kutupa macho si ya kubahatisha: ukitumia jicho la kulia, angalia kulia kwa nyotamkia; la kushoto, angalia kushoto. Ukifanya kinyume chake waweza kuiangusha kwenye sehemu pofu ya jicho ukaipoteza kabisa. Halafu gonga bomba la darubini kwa ncha ya kidole, taratibu sana, litikisike. Kitu kilichotulia jicho hukizoea na kukifuta. Kikitikisika, ukungu mdogo wa mviringo unatokea ghafla kati ya nyota, kingo zake zikiyeyuka bila mpaka, na ukituliza jicho unarudi kupotea. Ukitokea mara tatu mahali palepale, umeiona.

Usitegemee kijani cha picha. Kijani hicho ni mwanga wa molekuli za C2, kaboni yenye atomu mbili, ambazo huvunjwa na mwanga wa jua kabla hazijafika mkiani. Ndiyo maana kichwa huwa kijani na mkia hauwi. Macho yako yataiona kijivu, isipokuwa iwe na mwanga mwingi na darubini iwe pana. Kuna kichujio kinachopitisha rangi hiyo tu, karibu na nanomita 511 hadi 516, na husaidia kwa nyotamkia yenye gesi nyingi. Kwa ile ya vumbi kinakula mwanga bure.

Kuhusu chombo, usiuze ulichonacho. Darubini ya macho mawili ya 10×50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za mbele za milimita 50, inatoa mwale wa upana wa milimita 5, unaotosha mboni ya mtu mzima gizani. 7×50 inatoa 7, na ukishapita miaka ya ujana mboni haifunguki hivyo, sehemu ya mwanga inapotea. Ila 10×50 ukiishika kwa mkono inatetemeka na baridi inaongeza, kwa hiyo ifunge kwenye stendi ya miguu mitatu, au lala kwenye kiti cha kuegemea uegemeze viwiko. Ukitumia darubini ya kioo cha milimita 200 yenye urefu wa fokasi wa 1200, anza na lenzi ya jicho ya milimita 30, ambayo inakuza mara 40. Kukuza zaidi ni kuutandaza mwanga zaidi. Baadaye tu, ukishaiona, panda hadi mara 100 kuchunguza kiini.

Baridi yenyewe haiharibu kitu. Unyevu ndio adui. Kioo kilichoelekezwa angani hupoteza joto mpaka kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka, na hapo umande unashuka juu yake, kisha unaganda kuwa jalidi. Utaitambua mapema: nyota zinavaa duara la ukungu, kila moja inaanza kufanana na nyotamkia. Weka mfuniko wa mbele wenye urefu wa mara moja na nusu ya upana wa lenzi. Kipande cha godoro jembamba la sponji lililokunjwa kuwa bomba kinatosha. Mkanda wa kupasha joto wa volti 12 ni bora zaidi, lakini upashe kidogo tu, joto la kioo lizidi hewa kwa nyuzi mbili au tatu. Ukizidisha, hewa inachemka mbele ya lenzi na nyota zinacheza. Umande ukishashuka usipanguse kwa kitambaa, maana vumbi lililomo litakwaruza kioo. Tumia kikausha nywele kwa moto mdogo, kutoka mbali kidogo. Kwenye darubini ya kioo, kile kioo kidogo cha juu ndicho kinachoshika ukungu kwanza, si kile kikubwa cha chini, kwa hiyo ukiona picha imefifia anza kukagua hapo.

Toa darubini nje saa moja kabla, bomba lipoe, la sivyo mikondo ya hewa ya joto ndani yake itaivuruga picha. Lenzi za jicho ziweke mfukoni zikiwa na vifuniko, pamoja na betri za akiba, kwa sababu betri ikipoa inatoa sehemu tu ya nguvu zake. Pumua chini au pembeni, kamwe si kuelekea lenzi. Simama juu ya ubao au boksi nene la karatasi. Ardhi ndiyo inayonyonya joto la miguu, soksi za ziada zikibana kiatu hazisaidii.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni kukadiria mwangaza. Tafuta kwenye chati za AAVSO, jumuiya ya Marekani ya watazamaji wa nyota zinazobadilika mwangaza, nyota mbili zisizo nyekundu, zilizo kwenye kimo sawa na nyotamkia juu ya upeo wa macho: moja iizidi kidogo, nyingine izidiwe kidogo. Itazame nyotamkia ikiwa kwenye fokasi safi na uikariri, upana wake na wastani wa weupe wake kutoka katikati hadi ukingoni. Hamia kwenye nyota ya kwanza, kisha zungusha fokasi nje polepole. Nukta inavimba, inakuwa sahani ndogo kali, halafu sahani kubwa iliyopauka. Simamisha mkono pale sahani inapolingana kwa upana na ile picha iliyo kichwani mwako. Ipi ni nyeupe zaidi? Fanya hivyohivyo kwa nyota ya pili, rudi kwenye nyotamkia, rudia mara tatu nne. Tuseme nyota moja ni 5.2 na nyingine 6.1, na nyotamkia umeiona iko theluthi mbili ya njia kutoka ile dhaifu kwenda ile kali: toa 0.6 kwenye 6.1, unapata 5.5. Hii ndiyo njia ya Sidgwick, na inafaa kichwa kikiwa kimetawanyika. Kikiwa kimekaza katikati kama nyota, toa fokasi ya vyote viwili, nyota na nyotamkia, mpaka vifanane kwa upana, ndipo ulinganishe.

Andika pia chombo ulichotumia, kwa sababu darubini pana huwa inaipunguzia nyotamkia mwangaza katika makadirio. Andika kiwango cha kukaza, DC, kuanzia 0, ukungu sawasawa bila kiini, hadi 9, kama nyota. Upana wa kichwa upime kwa saa: zima mota, acha kichwa kivuke uzi au ukingo wa duara, hesabu sekunde tangu kingo ya kwanza iguse mpaka ya mwisho ipite, na ugawe kwa 4. Sekunde 80 ni dakika 20 za tao ikiwa nyotamkia iko kwenye ikweta ya anga. Ikiwa nyuzi 60 kutoka ikweta, hizo 20 zinakuwa 10, kwa sababu anga huko linazunguka polepole. Tarehe iandikwe kwa UTC na desimali ya siku: saa 3:36 UTC ya tarehe 21 ni 21.15.

Ukitaka picha, kamera yenye lenzi ya milimita 85 juu ya stendi tupu inavumilia sekunde 6 kabla nyota hazijawa vijistari. Piga nyingi, 60 au zaidi, na hakiki fokasi kila nusu saa maana baridi inaisogeza. Wakati wa kuzirundika pamoja, zipange mara moja kwa kufuata nyota na mara ya pili kwa kufuata nyotamkia.

Toka kila usiku ulio wazi, hata isipotajwa na mtu. Mnamo Oktoba 2007 17P/Holmes iliruka kutoka daraja la 17 hadi karibu 3 ndani ya siku mbili, na hakuna jedwali lililokuwa limeandika hivyo.

Unapomaliza, funika lenzi na uifunge darubini ndani ya begi lake hukohuko nje, kisha ndiyo uiingize ndani, na usiifungue mpaka asubuhi. Ukiifungua mapema hewa ya joto ya chumbani itamwaga maji juu ya vioo. Asubuhi uifungue wazi ikauke kabisa kabla ya kuihifadhi.

Niandikie DC uliyoiona na upana wa kichwa, pamoja na muda kwa UTC, nilinganishe na wa kwangu wa usiku huohuo. Wasalimie nyumbani.

Wako akupendaye,
Mwanaidi