Salamu za Krismasi: deni la kaka yangu

Mbukwenyi, ndugu zangu. Bwana Yesu asifiwe.

Nawasalimu mlioko Dodoma, mlioko njiani kuja Dodoma, na nyinyi mlioamua kubaki huko huko mwaka huu kwa sababu ya nauli, au kwa sababu nyingine ambazo hamzisemi. Hizo nyingine nazijua. Mimi nilizitumia miaka sita mfululizo.

Naambiwa Chamwino imeshanyesha mara mbili. Sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja tu wa mvua, unashika Desemba na ukifika Aprili umekwisha, kwa hiyo Krismasi yetu inaangukia katikati ya kupanda. Wenzetu wa Moshi wanapanda magari kwenda kuchinja mbuzi. Wewe wa Ugogo ukifika kwa kaka yako tarehe 23 unakuta jembe limeegemezwa mlangoni, na hujui kama limewekwa kwa ajili yako. Ndivyo ilivyonitokea mwaka jana.

Luka anasema Yesu alizaliwa safarini kwa sababu ya sensa. Kaisari Augusto alitoa amri watu waandikwe, kila mtu akaenda mjini kwao. Yusufu alikuwa akiishi Nazareti, lakini ukoo wake ni wa Daudi na kwao ni Bethlehemu, ikambidi arudi huko na mchumba mjamzito. Sensa yetu ya 2022 ilimhesabu kila mtu pale alipolala, tukatimia milioni 61.7, wala haikuuliza kabila. Swali hilo halijaulizwa tangu sensa ya 1967. Silalamiki, ni jambo lililotusaidia kuwa taifa. Ila mimi nilikuwa nimeshajifutia swali hilo mwenyewe, na kwa nia tofauti kabisa.

Nilipofika Dar es Salaam nikiwa kijana, mtu akiniuliza kwetu wapi nilisema Dodoma. Basi kicheko, maana kwa utani wao Mgogo ni ombaomba. Mmoja ananyoosha kiganja kama anaomba sadaka, mwingine anauliza mlangoni nimeacha kopo gani. Sina ugomvi na utani, Mgogo naye anajua kutania. Lakini mwaka wa pili nikaanza kujibu Morogoro. Nikawa mtu wa Morogoro kwa miaka karibu ishirini. Watoto wangu walikua wakijua hivyo. Jina la nyumbani alilonipa bibi nikaliacha stendi ya basi, nikabaki na la ubatizo peke yake, kana kwamba Bwana alinibatiza ili nisijulikane kwetu. (Jina lenyewe silitaji hapa. Watoto wamelijua mwaka jana tu na bado wanalichekea.)

Bibi huyo huyo alitusimulia habari za Mtunya, naye alisimuliwa na mama yake. Ni njaa ya 1917 hadi 1920. Vita vya wakubwa vilipita Ugogo: Wajerumani wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, Waingereza walipokuja wakachukua pia, kisha mvua ikakataa. Watu wakatawanyika kwenda kutafuta chakula, wengi hawakurudi. Kiganja wanachokichekea kilinyooshwa baada ya zizi kuachwa tupu. Nilikuwa nayajua haya yote tangu utoto, na bado nilisema Morogoro.

Nayaandika kwa sababu lililofuata lilianzia hapo. Ukishamkana ndugu yako mdomoni, kumdhulumu ni kazi ndogo.

Baba alituachia ekari mbili upande wa Ihumwa. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, na mji ukapandishwa kuwa jiji mwaka 2018, shamba ambalo jana lilikuwa la karanga likawa viwanja. Wapimaji wakaja na bikoni zao, madalali wakafuata. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mirathi, karatasi zote ninazo. Niliuza milioni tisa. Nikamwambia kaka nimeuza milioni tano, nikampa nusu yake, milioni mbili na nusu, akanishukuru kwa mikono miwili. Akahamia Buigiri akaanza shamba jipya. Miezi kadhaa baadaye alikutana na mnunuzi msibani, wakapiga stori za kawaida, na bei ikatajwa.

Hakunipigia simu. Hilo ndilo lililoniuma, eti. Nikakasirika kwamba amekaa kimya, nikajenga kesi yangu kichwani: mimi ndiye niliyehangaika na mahakama, nauli zangu, muda wangu. Kila Krismasi nilikuwa na jibu la kwa nini siendi. Na kila Jumapili nilikuwa kanisani.

Nimewahi kuwasikia wanaosali "utusamehe makosa yetu", na ni sala ile ile. Lakini fungua Mathayo sura ya 6 kwenye Biblia yako ya Kiswahili: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni. Kosa unaweza kulizungusha, ukasema alikuelewa vibaya, ukasema ni shetani. Deni lina tarakimu. La kwangu lilikuwa milioni mbili kamili, na nilikuwa naimba sala hiyo kwa sauti ya pili huku nimejifanya mimi ndiye mdai.

Basi mwaka jana nikaenda. Sitadanganya, nilikwenda nikiwa na hotuba ya kumsamehe kaka yangu. Nilikuwa nimeipanga ndani ya treni tangu Morogoro, huko kwetu kwa uongo.

Nilimkuta shambani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu umelowa, kuku wanapita wakiparua nyuma yake. Shemeji aliniona kwanza, akanyamaza. Nikasema, "Shikamoo kaka." Akasema, "Marahaba," bila kusimama. Akachimba shimo jingine, akaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini.

"Vua hivyo," akasema. Kisha akaniita kwa jina lile la bibi.

Alinipa kopo la maziwa lenye mbegu za uwele. Yeye akawa anatangulia na jembe, pigo moja shimo moja, mimi nafuata nadondosha mbegu, chache kwa vidole vitatu, nafukia kwa unyayo na kukanyaga kidogo. Mistari miwili ya kwanza nilijaza mbegu nyingi mno, akaniambia, "Hizo si za kuku." Tulipanda hadi jua likawa kali. Hotuba ilinitoka kichwani yote. Kwenye mstari wa mwisho nikasema, "Kaka, ilikuwa milioni tisa." Akasema, "Najua." Akachimba mashimo kama matano hivi kabla ya kuongeza, "Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Jioni ndipo tulipozungumza fedha, na hapo hakunihurumia. Nilitegemea aseme yaishe, ni Krismasi. Akasema amenisamehe, na milioni mbili anazihitaji. Mwanzoni nilidhani mambo hayo mawili yanapingana. Baadaye nikamkumbuka Zakayo: wokovu uliingia nyumbani mwake siku ile ile aliyosimama akasema atarudisha, tena mara nne. Kaka alinidai mara moja tu.

Kesho yake kutwa tulikwenda kanisani pamoja. Kwenye kwaya ya akina mama walipiga muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja, vigelegele mpaka mabati yanalia. Waliimba kwa Cigogo kwamba Mulungu amekuja kwetu, nami nikagundua maneno yote bado ninayo.

Tangu Januari nimekuwa namtumia laki mbili kwa simu. Miezi minne niliruka kwa sababu ya ada, na kila niliporuka nilimpigia kumwambia. Zimebaki laki nne. Nitampa mkononi, tarehe 23, nikishuka treni na watoto wangu wawili ambao mwaka huu wamewaambia walimu wao kwamba sikukuu wanakwenda kwao, Dodoma.

Kwa wale ambao mna kesi kichwani kama niliyokuwa nayo, nawaombea safari njema. Kwa wale mnaosubiri, kama kaka alivyosubiri, Bwana awatie nguvu, maana kusubiri kule sijui alikuwezaje. Na wote mlioko shambani, mvua iwe ya kutosha.

Juzi kaka alipiga kuagiza kitu kimoja kutoka Dar: mabuti ya mvua, namba tisa. Nikamwambia mbona yeye anavaa namba saba. Akasema hayo si yake, ni yangu, amechoka kunisubiri nivue viatu.

Heri ya Krismasi, na mwaka mpya wenye mavuno.