Barua ya wazi kwa maofisa vijana wa uhandisi wa medani mnaojiandaa kwenda jangwani

Wanangu,

Nimestaafu, lakini niliposikia kwamba kundi lenu linakaribia kupelekwa kwenye nchi ya mchanga nilikosa usingizi, ndipo nikaamua kuwaandikia. Mmefundishwa kutegua mabomu, na naamini mmefundishwa vizuri. Ninalolihofia ni kwamba mtaiona kazi imekwisha pindi bomu la mwisho linapotolewa, ilhali jangwani bado mna nusu nzima ya kazi mbele yenu: kuuwekea ujia, yaani njia nyembamba iliyosafishwa mabomu, alama ambazo dereva aliyechoka, usiku, akiwa ndani ya vumbi, ataziona na kuziamini.

Someni juu ya mapigano ya El Alamein, kule Misri. Saa 3:40 usiku, tarehe 23 Oktoba 1942, mizinga karibu 900 ya Jeshi la Nane la Uingereza ilianza kunguruma, na wahandisi wakaingia katika maeneo ambayo Wajerumani wenyewe waliyaita bustani za shetani, yaliyofukiwa mabomu yanayokaribia nusu milioni. Mengi yalikuwa ya kuvunja vifaru, na uzito wa mtu peke yake haukutosha kuyalipua, ndiyo maana askari wa miguu waliweza kutangulia. Lakini katikati yake yalitegwa mengine yaliyoruka hadi usawa wa kiuno kabla ya kupasuka na kutawanya gololi za chuma, na baadhi ya yale makubwa yalikuwa na kifyatulio cha pili ubavuni au chini, hivi kwamba aliyelinyanyua bomu kwa pupa hakupata nafasi ya kujuta.

Walikuwa na mashine za kugundua chuma zilizobuniwa na Mpolandi, Luteni Józef Kosacki, kila moja ikiwa na uzito wa karibu kilo 14, na pale zilipokosekana walipiga magoti wakadunga mchanga kwa singe, kwa mshazari, shubiri kwa shubiri. Ujia wa kwanza ulikuwa na upana wa mita saba hivi. Ninachowaomba mkiangalie zaidi, hata hivyo, ni madebe. Njia za kuviongoza vifaru zilipewa majina kama Jua, Mwezi na Nyota, na kando yake ziliwekwa taa ndani ya madebe ya petroli yaliyokatwa umbo hilohilo, ili dereva asiyeona kitu kingine chochote aone angalau mwezi wake unamulika na aufuate. Ofisa aliyeketi akawaza kukata debe umbo la nyota aliokoa watu wengi kwa kazi ya nusu saa, na mimi humheshimu kwa hilo.

Hata hivyo kulipokucha, njia nyingi hazikuwa zimefika upande wa pili, vifaru vikasongamana katika vumbi laini kama unga, na vikosi vilivyokuwa bega kwa bega vikabishana vilikuwa wapi kwenye ramani. Jangwa halina mti wala kona ya kumsaidia mtu kujua alipo.

Nami yalinipata, mazoezini tu, namshukuru Mungu. Tulifungua ujia alasiri katika eneo kame lenye upepo, tukatandaza utepe mweupe pande zote mbili, tukaondoka kwenda kula. Magharibi lori la maji lilipofika, mchanga ulikuwa umeufukia utepe wa kushoto kiasi cha hatua 20. Dereva aliufuata ule wa kulia, akaukwepa kidogo kwa kuogopa kuukanyaga, na moshi wa bomu la mazoezi ukafuka chini ya gurudumu lake la mbele. Alishuka, akaniangalia, hakusema neno. Mimi ndimi niliyekuwa ofisa wa ujia ule, na sikuwa nimeacha mlinzi hata mmoja.

Kwa hiyo pigeni nguzo ndefu kuliko mnavyodhani inatosha. Pimeni mahali ulipo mdomo wa ujia kwa zana mbili tofauti, mwandike vipimo kwa mkono, mkipe kila kikosi kitakachopita. Wekeni askari mdomoni na mwishoni, awe na taa na maji ya kunywa, na asiondoke mpaka mwenzake afike. Kisha kabla hamjatangaza kwamba ujia uko wazi, ofisa mwenyewe aupite kwa gari, usiku, akitokea upande wa pili.

Mzee wenu,
Mhandisi wa medani mstaafu