Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: kufiwa kuna fomu, kuuguliwa hakuna

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Ruhusa ya mfanyakazi anayemuuguza mwenzi wake

Nilimzika mama yangu, na siku ya 23 baada ya mazishi mke wangu akapewa majibu ya maabara: limfoma, saratani inayoanzia kwenye tezi za limfu. Nayaweka mambo haya mawili katika sentensi moja kwa sababu ndivyo yalivyonifika. Ofisini kwetu yalikuwa mafaili mawili tofauti, na lile la kwanza lilikuwa limeshafungwa.

Majibu yalipotoka nilikwenda kwa afisa utumishi kuomba ruhusa. Akatoa fomu. Ilikuwa na sehemu ya mfanyakazi mwenyewe kuugua, sehemu ya uzazi na sehemu ya msiba. Akauliza, kalamu mkononi, "Aliyefariki ni nani?" Nikamwambia safari hii hajafariki mtu, mke wangu anaumwa. Akaisoma fomu kutoka juu mpaka chini, akarudia. "Basi kaka, labda tutumie likizo yako ya mwaka." Likizo ya mwaka nilikuwa nimeimaliza nikimuuguza mama. Ikabaki likizo bila malipo, katika miezi ambayo mshahara ulihitajika kuliko wakati mwingine wowote maishani mwetu.

Simlaumu dada yule. Alinipa pole ya kweli, akanyamaza kidogo, akanipa tena. Hakuwa na mahali pa kuniandika tu.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile, Mheshimiwa. Lugha yetu ina mahali pa kuniandika. Anayekwenda anakufa, na sisi tunaobaki tunafiwa. Vivyo hivyo aliye kitandani anaugua, na anayekesha pembeni yake anauguliwa. Waliotuachia Kiswahili waliona kwamba ugonjwa wa mtu mmoja unampata na mwingine, wakalitengenezea jambo hilo kitenzi chake, kwa umbo lile lile la kitenzi cha msiba. Hata salamu tunayompa mfiwa na tunayompa anayeuguza ni moja: pole. Sheria iliyotumika kwangu inajua kwamba nilifiwa. Kwamba nimeuguliwa, haijui.

Nyumbani tuna daftari la dawa. Tulilianza mama alipopata kiharusi, na kwa miezi minane kurasa zake zilijaa mwandiko wa mke wangu: saa ya dawa, shinikizo la damu, mara ngapi mama amegeuzwa ili asipate vidonda vya mgongo. Mimi nilikuwa kazini mchana, yeye ndiye aliyebeba sehemu kubwa. Ukurasa wa mwisho wa mama umeandikwa mpaka katikati. Nilipoanza kuandika dawa za mke wangu sikuweza kuendelea chini ya mstari ule, nikafungua ukurasa mpya. Kwa hiyo katika daftari moja kuna mke wangu anamuuguza mama yangu, kisha mimi namuuguza mke wangu, na katikati nusu ukurasa mweupe. Kipimajoto ni kile kile. Beseni ni lile lile.

Baadaye aliniambia kwamba uvimbe wa shingoni aliuona mama akiwa bado hai. Alinyamaza kwa sababu aliona wagonjwa wawili katika nyumba moja ni wengi mno. Sijui nifanye nini na habari hiyo. Nimeiandika hapa kwa sababu naamini wako wengine, wanawake hasa, wanaoahirisha ugonjwa wao mpaka wa mwenzao upungue, na ruhusa ya kuuguza ingekuwa ni ruhusa yao pia ya kwenda kupimwa mapema.

Naomba nikueleze matibabu haya yanavyokwenda, maana anayeandika sheria ya ruhusa anahitaji kuijua kalenda yake. Mke wangu amepangiwa mizunguko sita ya dawa za saratani, mmoja kila baada ya siku 21. Siku ya dripu inakula mchana mzima, na hawezi kurudi peke yake. Siku mbili tatu zinazofuata ni za kichefuchefu na kulala. Kisha anapata nafuu, anatembea, anacheka, na jirani angesema mgonjwa amepona. Lakini ni hapo hasa, kati ya siku ya 7 na ya 14, ambapo chembe nyeupe za damu hushuka kabisa. Daktari alituambia: joto likifika nyuzi 38 msisubiri kukuche, njooni saa hiyo hiyo, na msimpe dawa ya kushusha homa kwanza, itaficha dalili. Maambukizi madogo kwa mtu asiye na kinga yanaweza kumuua ndani ya muda mfupi.

Katika mzunguko wa pili, siku ya 10, saa nane usiku kipimajoto kilisoma 38.4. Tukaondoka na tulichovaa. Kulipokucha alikuwa ameshaanza dawa za kuua bakteria kwa mshipa, nami nikampigia simu msimamizi wangu kumweleza niliko. Wiki iliyofuata nikapokea barua ya onyo: kutofika kazini bila ruhusa. Kwenye barua ile kulikuwa na neno "utoro". Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, nimeshika mkono wa mke wangu, nahesabu matone, na mahali fulani nilikuwa naandikwa mtoro.

Unaona basi kwamba siku hizi hazipangiki kwa mkupuo. Mtu akinipa wiki mbili mfululizo atakuwa amenisaidia kwa mzunguko mmoja kati ya sita. Ninachohitaji ni siku moja leo, siku tatu baada ya wiki mbili, nusu siku ya kwenda kuchukua majibu ya damu, na usiku ule mmoja ambao hakuna aliyeujua kabla. Mizunguko sita ni zaidi ya miezi mitatu na nusu hata kama hakuna unaosogezwa mbele, na husogezwa, kwa sababu damu isipokuwa imepanda vya kutosha dripu haitundikwi.

Sasa nirudi kwa mama, maana hili ndilo linaloniuma zaidi na ndilo nisilosikia likizungumzwa.

Sijamlilia mama yangu. Siku zile za msiba zilikuwa za shughuli, wageni, karatasi za kusaini. Nilidhani kilio kitakuja mambo yakitulia. Mambo hayakutulia. Nikiwa kwenye foleni ya maabara anatokea akilini, namwambia ngoja, mama, nipate kwanza namba ya huyu. Kuna usiku mke wangu, kichwa kimeshanyonyoka nywele zote, aliniangalia kwa muda mrefu akasema, "Nimekunyang'anya msiba wako." Nilimkatalia, na nitamkatalia kila atakaposema, lakini yeye ndiye mtu ambaye ningemlilia begani, na bega hilo sasa lina mrija wa dawa chini ya ngozi. Aliyefiwa na mama huegemea kwa mwenzi wake. Mwenzi akiugua, aliyefiwa huegemea wapi?

Wataalamu wa Marekani Thomas Holmes na Richard Rahe walichapisha mwaka 1967 kipimo cha mitikisiko ya maisha. Kifo cha mwenzi walikipa alama 100, cha juu kuliko vyote. Kifo cha ndugu wa karibu alama 63. Mabadiliko makubwa ya afya ya mmoja katika familia alama 44. Huzuni haijumlishwi kama vitu dukani, nakubali, lakini wao wenyewe walikusudia alama zijumlishwe, na 63 na 44 ni 107. Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach walichapisha utafiti wa wazee waliokuwa wakiwauguza waume na wake zao. Waliwafuatilia kwa takriban miaka minne wakakuta kwamba wale walioelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiouguza. Watu wale walikuwa na umri mkubwa kuliko wangu. Hata hivyo sikuweza kulala usiku niliposoma takwimu ile, kwa sababu mke wangu anahitaji mtu mzima wa kumpeleka hospitali.

Hili ninaloomba si geni duniani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1981 Mkataba namba 156 kuhusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, na Pendekezo namba 165 linaloandamana nao linasema mfanyakazi, mwanamume au mwanamke, awezeshwe kupata ruhusa mtu wa familia yake ya karibu anapougua na kuhitaji uangalizi wake. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2019, uliweka siku 5 za kazi kwa mwaka kwa mfanyakazi anayemuuguza mtu wake. Uingereza ilianza Aprili 2024 kutoa wiki moja kwa mwaka, bila malipo. Marekani inayo sheria ya mwaka 1993 inayotoa hadi wiki 12 bila malipo kumuuguza mwenzi, mtoto au mzazi, kwa waajiri wakubwa, lakini sheria hiyo hiyo haina siku hata moja ya kufiwa. Huko wanajua kuuguliwa na hawajui kufiwa. Ni kinyume cha fomu niliyopewa mimi, na maumivu naamini ni yale yale.

Kanada ndiyo ninayoitazama kwa karibu zaidi, kwa jambo zuri na kwa jambo la kuepuka. Zuri ni kwamba tangu mwaka 2004 anayemuuguza mtu anayekaribia kufa hulipwa kutoka kwenye bima ya ajira, ambayo waajiri na wafanyakazi wote wanaichangia, kwa hiyo mwajiri mdogo habebi mshahara wa mtu asiyekuwepo peke yake. Najua waajiri watakuja kwako na hoja hiyo, na ni hoja ya haki. Jibu lake ni mfuko wa pamoja. La kuepuka ni sharti la malipo yale: daktari athibitishe kuwa kuna hatari kubwa ya mgonjwa kufa ndani ya wiki 26. Waliliona pengo lenyewe, wakaongeza mwaka 2017 malipo ya hadi wiki 15 kwa anayemuuguza mtu mzima aliye mahututi. Nakusihi, Mheshimiwa, tusianzie pale walipoanzia. Sitaki kumwomba daktari aniandikie kwamba mke wangu anakufa ili nipate siku ya kumsaidia apone. Limfoma nyingi zinatibika. Tunapigania kuishi.

Ninachoomba ni kwamba kumuuguza mwenzi kutajwe kwa jina lake katika sheria, kuwe ruhusa inayojitegemea, yenye malipo, ambayo barua moja ya daktari inaitosha kwa matibabu yote. Iweze kuchukuliwa kwa siku na kwa nusu siku. Taarifa ya simu usiku ule ule, ikifuatwa na karatasi ya hospitali, isiitwe utoro. Na ruhusa hii isimezwe na ile ya msiba kana kwamba familia moja ina fungu moja la majonzi kwa mwaka.

Jingine ni dogo kwa gharama, na kama ningeambiwa nichague moja tu ningesita sana kabla ya kuliacha. Siku za msiba zisiishe kwa kuwa tarehe zimepita. Mtu aliyefiwa huku ana mgonjwa nyumbani aruhusiwe kuzichukua baadaye, baada ya miezi sita, baada ya mwaka, atakapopata nafasi ya kufiwa. Mwajiri hapotezi siku yoyote zaidi ya zile alizokuwa atoe. Mimi ningepata asubuhi moja ya kwenda kwenye kaburi la mama yangu na kukaa pale bila kuangalia simu.

Waziri aliyeko ofisini leo huenda naye amewahi kukesha hospitali. Kama ndivyo, nakuomba ukumbuke ule mwanga wa korido saa kumi alfajiri, ambao hauzimwi, na jinsi unavyoanza kupiga hesabu ya nani wa kumpigia kwanza, ofisi au ndugu. Ndugu ndiye anayestahili kupigiwa kwanza.

Mzunguko wa tano ni Jumanne ijayo, damu ikiruhusu. Nitajaza fomu tena. Kwenye nafasi ya sababu nitaandika "nimeuguliwa", na dada wa utumishi ameniahidi kuwa safari hii hatalikata neno hilo, ataliacha lipande kwenda juu kama lilivyo. Huenda likakufikia kabla ya barua hii.

Wako mtiifu,

Mfanyakazi aliyefiwa na kuuguliwa