Rehema mwanangu, hiyo sipiyu usiitoe topapu kwanza

Rehema mama, za huko Tanga? Huku Lushoto baridi imekaza, bibi yako usiku anaulizia blanketi la pili, ila hajambo na anakusalimia sana. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu jana, ya huyo kaka wa dukani anayetaka umpe sipiyu yetu, yani boksi zima la kompyuta, na laki tatu juu afu yeye akupe nyingine. Nimeona nikuandikie maana huku simu inakatikakatika na hili sitaki ulisikie nusunusu.

Kwanza sikukatazi. Steshenari sa hivi ni yako, wewe ndo unafungua saa moja asubuhi, wewe ndo unabaki na foleni ya watoto wa watu wanaoomba mkopo wa chuo wa HESLB huku mashine imeganda na mzazi amesimama mlangoni anaangalia saa. Najua inavyouma. Ila mashine kuwa slo ni kama mtu kuwa na homa, inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa yutiai, huendi kununua dawa kabla hujapima.

Sasa pima hivi. Kesho kabla wateja hawajaja iwashe, bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja, nenda palipoandikwa Performance, uangalie diski na prosesa, ule ubongo wa mashine. Mimi nilivyokuja Desemba niliangalia, diski ilikaa kwenye 100% dakika kadhaa na prosesa iko 10%, 12%, haina kazi. Yani prosesa ni nzima kabisa, inasubiri iletewe mafaili na ile hadidiski ya 500GB ambayo inazunguka tangu siku tuliyoinunua. Weka sikio karibu na boksi utaisikia inakwaruza, krr, inanyamaza, krr tena, hapo ndo na wewe unasubiri Word ifunguke. Afu ramu, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, ni 4GB tu, ukifungua Chrome na Publisher pamoja imejaa, na ikijaa inaanza kuhifadhi vitu kwenye hiyohiyo diski iliyochoka.

Kwa hiyo ugonjwa naujua, diski na ramu. Ukiweka SSD, ile diski isiyozunguka, hata hizi za kawaida za waya wa SATA, inasoma kama 500MB kwa sekunde wakati hadidiski ikijitahidi sana ni 100 na kidogo, na kwenye mafaili madogomadogo yaliyotawanyika tofauti ni kubwa zaidi maana SSD haina kitu cha kuzunguka. Ramu uongeze kipande kingine cha 4GB, DDR3 ya desktop, siyo ya laptop maana ile ni fupi, na siyo DDR4 maana mkato wake umekaa sehemu nyingine, haitaingia, fundi akilazimisha atavunja sloti. Mwambie pia abadilishe ile betri ndogo ya duara, CR2032, ndo inayofanya umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma na tovuti zinagoma kufunguka, bei yake haifiki hata ya chipsi mayai. Na apulize vumbi. Vumbi la pale barabarani unalijua mwenyewe.

Sasa nikuambie kitu sijawahi kukusimulia. Mwaka 2016 na mimi nilitoa mashine topapu, ulikuwa bado shule. Nilikuwa na yenye prosesa ya Intel i3, jamaa mmoja akaniambia mama hii ni i3 tu, nikupe i5, uniongezee laki na nusu. Nikaona i5 ni kubwa kuliko i3, nikatoa. Kumbe yangu ilikuwa i3-3220, jenaresheni ya 3, yani toleo la tatu, na aliyonipa ni i5-650 ambayo ni jenaresheni ya kwanza kabisa, ya nyuma kuliko yangu, na slo kuliko yangu. Nimelipa hela nirudi nyuma. Tangu hapo najua namba ya kusoma ni ile iliyo baada ya kistari. Yetu ya sasa ni i5-4590, hiyo 4 ya mwanzo ndo jenaresheni. Zikiwa tarakimu tano kama i5-10500 unasoma mbili za mwanzo, ni ya 10. Huyo kaka akikuonyesha ya kwake usisome stika ya nje, stika inabandikwa tu, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, usome mwenyewe.

Lakini kilichoniumiza zaidi siyo hela. Wiki mbili baadae alikuja kijana niliyemchapia CV, amepata nafasi ya usaili, anataka nimtolee kopi na vyeti vyake nilivyoviskani. Sikuwa navyo. Viliondoka na diski. Akasimama pale kaunta na kofia mkononi, hakunigombeza hata kidogo, akasema sawa mama, akaondoka. Mpaka leo sijui vyeti vya yule mtoto viliangukia mikononi mwa nani.

Fikiria ndani ya hiyo mashine mna nini Rehema. Vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, paspoti saizi, barua za watendaji, namba za benki za watu. Watu wametuamini. Na tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 ni jambo la kisheria kabisa, siyo ubinadamu tu. Kufuta kwenye risaikobini hakutoshi, mtu mwenye programu ya kurudisha mafaili anayarudisha. Kwa hiyo hata ukiamua kuitoa hiyo sipiyu, diski haitoki. Ichomoe, ibaki nyumbani kwenye kabati la vyombo.

Upande wa huyo kaka kuna jambo moja amesema kweli na silifichi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka Intel kuanzia jenaresheni ya 8 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, yetu haina sifa. Fundi atakuambia naipiga windo 11 kwa nguvu, inawezekana, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya hivyo haina uhakika wa kupata masasisho, usikubali kwenye mashine ya kazi. Badala yake ingia kwenye settings, sehemu ya Windows Update, ujiandikishe ile nyongeza ya masasisho ya usalama ya Windows 10 (ESU), inafika mpaka Oktoba 13, 2026. Linux, ile mbadala wa Windows, nimeifikiria, kwa kuchapa ingetosha, lakini kadi zetu zote za harusi na za michango ziko kwenye Publisher, kule zinafunguka zimevurugika na bibi harusi hatakuelewa.

Kwa hiyo mimi naona hivi. SSD ya 256GB, kipande cha ramu, betri na hela ya fundi, ukipatana vizuri haifiki laki moja na nusu, nusu ya hiyo unayotaka kumpa yeye na bado sipiyu inabaki yako. Laki na nusu inayobaki usiiguse, uwe unaiongezea kila wiki, mpaka kufika Oktoba ununue ya jenaresheni ya 8 au zaidi kwa hela taslimu, risiti mkononi, na siku saba za kuijaribu. Hii ya zamani uihamishie kwenye meza ya pili iwe ya kuchapa tu bila intaneti, binti wa mama Asha atakaa hapo msimu wa mkopo. Ungekuwa unachora ramani za majengo ningekuambia nunua mpya leoleo. Kwa kuchapa, kuskani na kujaza fomu hiyo i5 bado ina nguvu.

Elfu themanini nimekutumia kwenye simu pamoja na ya kutolea, ni ya SSD. Fundi akija akae hapohapo dukani, asiondoke na sipiyu, na akimaliza asilipwe mpaka uwe umeizima, umeiwasha, na umetoa karatasi moja kwenye printa. Hiyo karatasi nipigie picha unitumie.

Mama yako