Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: fedha ya utendaji iingie kwenye mshahara wa msingi

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimebakiza miaka mitatu nifikishe 60.

Wazo la kumlipa mtumishi kulingana na utendaji wake, juu ya mshahara, silipingi. Mwalimu anayebeba daftari 90 kwenda kuzisahihisha nyumbani hafanani na anayesaini na kuondoka. Ninachouliza ni fedha hiyo itaandikwa wapi kwenye hati ya mshahara. Ikiandikwa kama posho au bonasi, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, haitaiona kabisa. Mchango wetu, asilimia 5 ya mtumishi na 15 ya mwajiri, unakatwa kwenye mshahara, na pensheni inakokotolewa kwa wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora kati ya kumi ya mwisho. Posho haimo. Mwalimu mkuu aliyepokea posho ya madaraka miaka yote anaijua habari hiyo siku anapokabidhi funguo za ofisi.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa 1,200,000 aliyetumikia miezi 360. Kwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, cha 1/580 na mkupuo (fedha anayolipwa mara moja akistaafu) wa asilimia 40, anapata mkupuo wa takriban milioni 44.7 na pensheni ya kama 447,000 kwa mwezi. Sasa mpe 200,000 za utendaji kila mwezi. Zikiwa posho, hesabu hiyo haisogei hata senti. Zikiwa ndani ya mshahara kwa miaka hiyo mitatu, mkupuo unafika milioni 52.1 na pensheni 521,000. Tofauti ya elfu 74 kila mwezi, Mheshimiwa, kwa mzee wa kijijini ni dawa za presha, ni sukari, ni ada ya mjukuu. Kazi aliyoifanya ni ile ile.

Jambo la pili ni alama. Tumeelezwa kuwa tathmini ya PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, ndiyo itakayotazamwa wakati wa kupanda daraja. Shuleni kwetu mtandao unashika chini ya mwembe mmoja tu. Ijumaa saa tisa utatukuta pale walimu wanne, simu zimeinuliwa juu, kila mmoja akisubiri ukurasa ufunguke apandishe majukumu yake ya wiki. Mwezi uliopita niliondoka jua limezama na sikufanikiwa. Kwa kijana wa miaka 28 alama iliyopotea itafidiwa mbele ya safari. Kwangu mimi, daraja likichelewa mwaka mmoja, ni mwaka mmoja kati ya mitatu ambayo kikokotoo kitaitazama.

Tumeshayaona haya. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha kupandisha madaraja kupisha uhakiki wa watumishi, na wenzetu waliostaafu kipindi kile waliondoka na mshahara wa daraja la zamani. Mserereko, yaani kupandishwa daraja ili kufidia waliocheleweshwa, ulipokuja haukuwakuta kazini. Nawaona kwenye misiba na harusi, na mazungumzo yetu hayapiti dakika kumi kabla hatujafika hapo.

Najua kuna gharama. Kila 100,000 inayoingia kwenye mshahara inamdai mwajiri mchango wa 15,000, na Hazina lazima iipangie. Ipangiwe. Afadhali nyongeza ndogo yenye mchango kuliko kubwa inayoishia siku ya kustaafu.

Kwa hiyo naomba, waraka wowote wa malipo ya utendaji utakaotoka ofisini kwako uandike wazi kwamba malipo hayo ni sehemu ya mshahara unaokatwa mchango. Na kwa mtumishi aliyebakiza miaka mitano au pungufu, alama yake isifungwe kabla hajapewa nafasi ya kukata rufaa kwa maandishi, kwenye karatasi, pale ambapo mtandao haufiki.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi