Skrubu uliyoificha mkebeni

Mwanangu,

Jana mbalamwezi ilitubakiza nyumbani. Dagaa hawaifuati taa mwezi ukiwaka, unajua. Nikawa natafuta kalamu nihesabu deni la petroli, nikafungua mkebe wako wa hesabu. Nimeiona ile skrubu ya tayani, ya kurekebisha meno yako. Umeiviringisha kwenye karatasi ya daftari, urefu wake kama punje ya mchele.

Nakuandikia kwa sababu nikikuuliza ana kwa ana utaziba mdomo na kiganja, kama kawaida yako.

Najua unaulaumu ule muhindi wa kuchoma wa Kirumba. Muhindi hukutakiwa kula, hilo tutaongea. Lakini siku ile ya sindano ya ganzi wewe ulikuwa unahema tu, mimi ndiye niliyesikiliza. Daktari alisema skrubu hizi za titani zinashikwa na mfupa kwa kubanwa tu, ndiyo maana kuzitoa baadaye ni rahisi, na ndiyo maana nyingine hulegea zenyewe. Fizi ikivimba kwa uchafu, ndiyo kabisa.

Sasa sikiliza jambo la ziwani. Mitumbwi miwili ikielea, ukaifunga kamba ukavuta, yote husogea. Ukitaka mmoja tu uje, ule mwingine utie nanga. Meno yako ya mbele yanatakiwa kurudi nyuma, na yakivutwa kwa kushikiliwa na magego peke yake, magego nayo huja mbele. Yataimeza ile nafasi ya meno mawili yaliyong'olewa, na nafasi ile ndiyo mtaji wetu wote. Jino husogea kama milimita moja kwa mwezi, pengine lisifike. Skrubu ndiyo nanga. Upande wa kushoto sasa huna nanga, na mpira bado unavuta. Tangu lini, mama? Wiki? Mbili?

Mimi mwenyewe nilichelewesha. Nilisema meno hayo ni ya ukoo, bibi yako amezeeka nayo, mpaka nilipokuona unakata chapati kwa meno ya pembeni.

Hela usiwaze. Waza kidogo tu, michembe migumu ya viazi uiache kabisa.

Nimempigia daktari. Ataangalia kama ataiweka nyingine pembeni kidogo au tusubiri tundu lipone. Alhamisi tunapanda daladala ya saa moja asubuhi. Ile ya mkebeni nimeirudisha ulipoiweka, ibebe.

Baba yako
Igombe